Mashine kuukuu ya kahawa, ile ya mkono: nianzie wapi?

Kutoka: Dada wa Lambrate

Ndugu zangu wa Milano na vitongoji vyake, salamu.

Jumapili iliyopita, ile ya mwisho wa mwezi, nilikuwa soko la vitu vya kale pale Naviglio Grande. Nimerudi na mashine ya kahawa ya La Pavoni Europiccola, ile ya kushusha mkono wa chuma, kwa yuro 90. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1961 na ni mzaliwa wa mji huu huu. Yangu ni ya zamani hasa: haina geji ya kusoma presha, haina kidhibiti chake, ina swichi ya moto mkubwa na moto mdogo, basi.

Nimeipenda kwa moyo wote, ila bado hatujaelewana. Niliiwasha saa nzima ipate moto vizuri, kikombe cha kwanza kikatoka kichungu cha kuungua. Nikasaga kahawa ya chengachenga, cha pili kikawa maji ya rangi tu. Nikasaga laini mno, mkono wa mashine ukagoma katikati. Nilipofungua kishikio cha kichujio nione kuna nini, unga wa moto ulifyatuka mpaka kwenye pazia. Mwanangu alikuwa ametoka jikoni muda huo huo. Mwenye uzoefu anielekeze, tafadhali.

Kutoka: Kaka wa Sesto

Dada, hongera, na pole kwa hilo la unga.

Ichomoe kwenye umeme na usiiwashe tena kabla hujafungua bati la chini. Tazama waya. Zile za zamani nilizozifungua, nyingi zilikuwa na waya uliokauka na kupasuka. Tazama zaidi waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, maana mwili mzima wa mashine ni chuma na mikono yako jikoni ina maji kila wakati. Hapo usibahatishe, mwite fundi umeme.

La pili, kifuniko cha boila, yaani tangi la kuchemshia maji. Maji ya ndani yanapita nyuzi 100 na kinachoyazuia yasichemke ni presha. Ukifungua yakiwa hivyo, yanafumka yote kwa pamoja. Zima, fungua bomba la mvuke, subiri mlio uishe kabisa, ndipo uguse kifuniko. Na kioo cha pembeni kikionyesha maji yamekwisha, zima hapo hapo, usiunguze koili inayopasha maji moto.

Sasa ladha. Boila yake inachukua chini ya lita moja, na kichwa ambamo pistoni inapita kimeshikana nayo moja kwa moja. Kwa hiyo ukiiacha saa nzima, kichwa kinakuwa cha moto kupita kiasi na kahawa inaungua kabla hujaionja. Ikipata moto, fungua bomba la mvuke kidogo hewa iliyonaswa itoke, shusha moto uwe mdogo, tengeneza vikombe viwili, vitatu, kisha zima. Ukitaka zaidi, fungia kichwa kitambaa kibichi kipoe.

Weka gramu 14 hivi, gandamiza sawasawa. Inua mkono wa mashine mpaka juu na uushike hapo sekunde nane, maji yalowanishe kahawa. Halafu shusha kwa uzito wa bega, kwa utulivu, sekunde 25 au 30. Ukigoma, usiulazimishe na usiuachie ghafla, utakurukia. Ushikilie, zima, ngoja presha ishuke. Kishikio kinafunguliwa mwisho wa yote.

Gasketi za pistoni, zile pete za mpira, badilisha hata kama bado hazivuji. Dukani waambie yako ni ya kabla ya 2000: vichujio vyake ni vya milimita 49, vya baadaye ni 51, haviingiliani. Paka grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula.

Kutoka: Mjomba wa Bergamo

Swali dogo: ninayo ya namna hiyo, ninarudi Dar moja kwa moja mwezi wa sita. Itafanya kazi?

Kutoka: Kaka wa Sesto

Itafanya, mjomba. Umeme wa Dar na wa huku ni mmoja, volti 230. Badilisha plagi tu, uweke ya pini tatu.

Kutoka: Dada wa Lambrate

Kaka, Mungu akubariki. Waya wa athi ulikuwa umekatika, unaning'inia. Fundi ameweka mpya, gasketi nimebadilisha, chokaa nimeitoa kwa asidi ya sitriki mara mbili, maji yakitoka ya kijivu.

Jana niliiwasha na kusimama karibu nayo. Nimekulia Tanga, marehemu baba aliuza kahawa ya dele. Hakuwa na kipimo chochote. Alisikiliza mlio wa maji, kisha akachukua koleo na kutoa kaa moja, au kuongeza moja. Na mimi jana nilisikiliza. Boila ikabadili sauti, nikashusha swichi. Nikahesabu mpaka nane, nikashusha mkono, nao ukanipinga kidogo kidogo mpaka chini. Kahawa ikatoka nyembamba kama mkia wa panya, ya rangi ya asali mbichi, na povu likabaki juu.

Nilitumia robusta ya Kagera niliyoletewa na shemeji, na imebaki konzi moja. Anayekuja kutoka Bukoba mwezi huu aniandikie kabla hajafunga sanduku, nitamlipa bei ya kilo mbili.