Tupeane uzoefu: kununua na kupanga bei ya Ferrari na Maserati za mkononi

BeringiTisa (mwanzisha mada)

Wakuu, kila mara mtu anauliza "Ferrari 360 ya kilomita 40,000 ni bei gani?" halafu anatupiwa namba tupu. Namba tupu haisaidii. Chukua bei ya gari safi la aina hiyohiyo lenye karatasi zote, toa gharama ya kila kazi ambayo muuzaji hajaifanya, kinachobaki ndicho cha kumtajia. Kwa hiyo leteni aina ya gari, kinachoharibika, kinapimwaje na kinashusha bei kiasi gani. Picha za kujipiga na magari ya watu zina jukwaa lake.

Naanza na Ferrari F355 (1994–1999). Mkanda wa taimingi unabadilishwa kwa kushusha injini, na inashuka kwa chini pamoja na fremu yake ya nyuma. Kazi hii hurudiwa kila miaka mitatu hadi mitano hata kama gari limelala, maana mpira unazeeka ukiwa umekaa tu. Ndiyo sababu gari la kilomita 15,000 lenye mkanda wa miaka tisa linaweza kukugharimu kuliko la kilomita 60,000 lililofanyiwa kazi mwaka jana, tangazo liseme litakalo. Soma ankara mstari kwa mstari: iwe na beringi za kukazia mkanda, sili za kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na mipira ya maji. Fundi aliyeshusha injini akabadilisha mkanda peke yake amekuachia bili ya pili.

Halafu gaidi za valvu, yaani vijibomba ambamo valvu hupanda na kushuka. Za mwanzo zilikuwa za shaba nyeusi na zinalika mapema. Kompresheni peke yake haitoshi, dai kipimo cha uvujaji: pistoni ikae juu kabisa, hewa ya shinikizo iingizwe kwenye tundu la plagi, isomwe asilimia inayopotea. Silinda saba zikipoteza 5 na moja ikapoteza 20, tega sikio. Hewa ikitokea kwenye eksozi ni valvu ya kutolea, ikitokea kwenye kijiti cha oili ni ringi. Manifoldi za eksozi nazo hupasuka. Asubuhi injini ikiwa baridi husikika tik-tik-tik, ikipata moto chuma kinatanuka na sauti inapotea. Kwa hiyo ukikuta muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine.

GiaSita

Nakubaliana. 360 Modena (1999–2005) ina nafuu, mkanda unafikika kwa kufungua kifuniko nyuma ya viti, injini haisogei. Mwenye 360 asiye na ankara ya mkanda hana kisingizio. Za mwanzo ziliitwa na kiwanda kwa ajili ya varieta za kamshafti (vifaa vinavyorekebisha taimingi yake), hakikisha kazi ilifanyika.

Kwenye giaboksi ya F1 (isiyo na pedali ya klachi, gia zinabadilishwa kwa haidroliki) shida ni klachi na pampu ya haidroliki. Mashine ya kupimia inasoma asilimia ya klachi iliyoliwa, lakini ile ni hesabu ya kompyuta tu, na mtu anaweza kuirudisha sifuri bila kufungua hata boliti moja. Isiyo na ankara ya klachi yenye tarehe na kilomita, ihesabu imekwisha. Kuhusu pampu: fungua mlango wa dereva injini ikiwa imezimwa, utaisikia ikilia sekunde chache kisha inanyamaza. Washa swichi, usiguse gia, kaa kimya. Ikianza kulia tena na tena, akumuleta (chombo cha kutunza shinikizo la haidroliki) imechoka au kuna mahali panavuja. Relei yake badilisha tu hata kama ni nzima. Ni ya bei ya chai, na ikiganda inaiunguza pampu.

Nyali355

Wakubwa, F430 je? Hiyo si iko na cheni, ama pia ina mambo yake?

BeringiTisa

Ina cheni, ndiyo, hesabu ya mkanda ifute. Ila manifoldi zake zina katalisti (kichujio cha kusafisha moshi) ndani. Zikipasuka, vipande vinaweza kuvutwa kurudi kwenye silinda, na hapo bili si ya eksozi tena, ni ya injini. Ukikuta zimewekwa manifoldi imara za watengenezaji wengine, mimi silihesabu kuwa kasoro.

Kwenye bei, gia za mkono ndizo zinazogombaniwa. F430 za mkono ni chache, na 458 iliyofuata haikuwa nazo kabisa. Ndiyo maana kuna F1 zilizogeuzwa kuwa za mkono. Likigeuzwa vizuri linaendeshwa bila shida, lakini usilipe bei ya lililotoka hivyo kiwandani Maranello. Namba ya chasisi (inaanza na ZFF) mpe wakala athibitishe.

Baharia_Muscat

Kwa sisi wa Ghuba: kuna magari yaliyopigwa Marekani, yakafutwa na bima, yakaletwa Imarati kunyooshwa. Bodi ya 360 na F430 ni alumini, na kipimo cha rangi cha sumaku hakisomi kitu hapo. Tafuta kinachosoma metali isiyoshika sumaku. Rangi ya kiwandani huwa mikroni 100 hadi 200 hivi. Ukiona 400, paneli imerudiwa, ikipita 1,000 kuna puti. Bampa ni plastiki, usipoteze muda nazo.

Jua nalo lina kazi yake. Ngozi ya dashibodi inajikunja karibu na kioo cha mbele, na vitufe vinanata kama asali. Kufanyisha dashibodi upya ni ghali, usikubali kuambiwa "ni urembo tu".

MamaPistoni

Jamani Maserati zinaonekana rahisi mno, na hapo ndipo watu wanaumia. Bei ya gari imeshuka, bei ya spea haikushuka nayo. Coupé 4200 yenye Cambiocorsa (giaboksi ya Maserati inayofanana na F1) ina mambo yaleyale aliyoeleza GiaSita, na ukibadilisha klachi bili yake inaweza kuwa sehemu kubwa ya bei ya gari lenyewe.

3200 GT ya gia za mkono ipime hivi: injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), kanyaga klachi. Mzunguko ukishuka sana au injini ikataka kuzima, krenki shafti inacheza mbele na nyuma kwa sababu beringi ya kuizuia imeliwa. Hapo fundi aweke saa ya kupimia. Ikithibitika, hata punguzo kubwa halitoshi.

Nyali355

Kenya usukani ni kulia na gari isizidi miaka nane, kwa hivyo hizo zote ziko nje kwetu. Tunaangalia Lamborghini Huracán, Ferrari 488 za mwisho, Maserati GranTurismo za mwisho. Mtu akinunua Uingereza akiwa Mombasa, anaikagua vipi?

GiaSita

Anza na historia ya MOT (ukaguzi wa magari wa Uingereza) kwenye tovuti ya serikali yao, ni bure, ukiwa na namba ya usajili tu. Inaonyesha maili za kila ukaguzi (zidisha kwa 1.6) na kasoro zilizoandikwa. Gari lililotembea maili 200 kati ya ukaguzi na ukaguzi lilikuwa limelala, kwa hiyo ulizia betri, sili na tairi. Mwambie muuzaji akutumie picha ya ubavu wa kila tairi: tarakimu nne za mwisho za DOT (namba ya utengenezaji wa tairi) ni wiki na mwaka, 2317 ni wiki ya 23 ya 2017. Zikipishana miaka, uliza kwa nini. Baada ya hapo ndipo mlipe mkaguzi asiyefahamiana na muuzaji, na aikute injini baridi.