PC inazima na kuwaka yenyewe, ni umeme au kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta)?

ngamiani_stesheneri: Wakuu habari za mchana, nipo Tanga mjini, PC ya dukani ina Ubuntu (aina ya Linux), mteja anasubiri kuprinti mara paa inawaka upya, fundi kasema ni pawasaplai (kifaa cha kuipa PC umeme) ninunue nyingine ila umeme haujakatika na yupiesi (betri ya akiba) ipo, sasa sijui nimwamini au vipi

bandari_tz: Usinunue kitu bado mkuu. Ikishawaka andika kwenye terminal `journalctl -b -1 -e` utaona logi (kumbukumbu za mfumo) za mwisho kabla haijazima. Ukikuta "kernel panic" au "Oops" basi kosa limetokea kwenye kerneli, soma na jina la moduli (kipande cha kerneli) pale chini maana mara nyingi ni draiva (programu ya kuendesha kifaa). Logi ikikatika ghafla bila neno hapo ndo ugumu, inaweza kuwa umeme, joto, au kerneli imekufa kabla haijawahi kuandika kwenye diski

mama_wa_raskazone: Naongezea, Linux kwa kawaida ikipaniki inaganda tu. Cheki `sysctl kernel.panic`, ikiwa 0 (yaani ikipaniki isijiwashe upya) na bado inajiwasha mi nashuku vifaa kwanza. Weka linux-crashdump (inahifadhi taarifa kerneli ikifa) uone kama kuna kitu kitabaki /var/crash, ramu iachie memtest86+ (programu ya kupima ramu) usiku kucha. Na fungua hiyo keisi upulize vumbi jamani, chumvi ya huku kwetu mnaijua

ngamiani_stesheneri: Shukrani dada, imetoa 0. Memtest naiwasha leo nikifunga duka