Msimu wa masafa marefu: Rwanda, breve za Ulaya, au barabara za nyumbani?

NjiroPedeli (Arusha)

Wakuu, salaam. Masika ikiisha nataka kuanza msimu wa masafa marefu kwa mpango, si kuamka Jumamosi na kuulizana kwenye simu leo tuelekee wapi. Kilomita 200 kwa siku naziweza na kesho yake naenda kazini. Zaidi ya hapo sijui mwili utasema nini. Baiskeli ni ya chuma, matairi ya milimita 35, gia nyepesi za mlima zipo. Likizo ni zile siku 28 za kisheria, na mama watoto ameshazipigia mahesabu yake.

Nimechuja mpaka yakabaki matatu:

1. Race Around Rwanda, Februari. Kama kilomita 1000, kuanzia Kigali na kuishia Kigali, lami na vumbi, unapanda jumla ya zaidi ya mita 15,000 na kila kitu unajibebea.
2. Ngazi ya breve za Audax, yaani safari za masafa marefu zenye muda wa mwisho na kadi ya kugongwa muhuri vituoni: kilomita 200, 300, 400 na 600 ndani ya msimu mmoja. Paris-Brest-Paris (PBP), ile breve kubwa ya kilomita 1200 kule Ufaransa, ijayo ni 2027, na bila ngazi hiyo huingii.
3. Kujitengenezea kalenda huku huku: Magadi, Dodoma, Mtwara.

Kwa mtu wa mshahara, ipi inalipa? Na miezi niipange vipi?

MzeeWaGia (Nairobi)

Kijana, namba tatu umeiweka mwisho na ndiyo inayozibeba hizo mbili za juu. Anza na Magadi. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 110, lami: Kiserian, Corner Baridi, Olepolos, Kisamis, Olorgesailie, halafu ziwani. Ukishavuka Corner Baridi unateremka tu, mpaka kama mita 600 juu ya bahari. Kurudi ndiko kuna kazi. Saa saba mchana joto la bondeni limekukalia mgongoni, mlima wote uko mbele, na maduka ni ya kuhesabu. Maji jaza Kisamis ukishuka, jaza tena Magadi mjini. Olorgesailie usiitegemee; pale utaona mashoka ya mawe ya watu wa kale, soda baridi ni bahati yako.

Ukiweza kupanda kutoka Magadi hadi Corner Baridi ukiwa bado unakula na chakula kinakaa, uko tayari kujaribu 300. Nimeona vijana wenye mapaja ya kutisha wakiketi Kisamis wanatapika kwa sababu walikunywa maji matupu siku nzima. Chumvi, bwana. Chumvi na viazi vya kuchemsha.

Tanga_Leeds (Uingereza)

Shikamoo Mzee wa Gia. Kaka Njiro, mimi breve naziendesha huku, na nazipenda. Lakini kabla hujalipia visa soma hesabu.

Muda wa mwisho ni saa 13 na nusu kwa 200, saa 20 kwa 300, saa 27 kwa 400, saa 40 kwa 600. Saa haisimami ukila, ukilala wala ukiziba pancha. Ukigawanya unapata kilomita 15 kwa saa, mtu anacheka anasema rahisi. Sawa, ila kwa mwendo huo sehemu kubwa ya 400 na 600 ni usiku. Sasa angalia mwanga. Mwezi wa sita huku Leeds jua linazama saa tatu na nusu usiku na kuchomoza saa kumi na nusu alfajiri. Usiku wenyewe ni mfupi, na waandaaji wanatupitisha vijia vya mashambani ambako usiku kucha unaweza kukutana na magari mawili na mbweha. Arusha giza linaingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja, uwe Juni au Desemba, na linakaa karibu saa kumi na mbili. Ukiichukua 600 ya Ulaya ukaiweka barabara kuu ya Dar, umechukua namba ukaacha mazingira yaliyozaa namba hiyo.

Jambo la pili ni likizo. Kufuzu PBP kunahesabiwa kwa breve za msimu wenyewe wa PBP. Breve ndefu ya mwaka unaotangulia inakusaidia kujiandikisha mapema tu, haikuondolei ngazi. Breve hizo nne huku hutawanyika tangu majira ya baridi hadi Juni. Utakuja mara nne? Au utakaa kwa nani miezi miwili? Na ukienda nchi za Ulaya bara badala ya huku, ada ya visa ya Schengen peke yake ni yuro 90, na hairudi wakikukatalia.

UpangaKwaUpepo (Dar)

Kuhusu namba mbili, mbona kila mtu anatazama Ulaya tu? India breve ni nyingi mno, miji mingi, na msimu wa Audax unaanza Novemba 1. Novemba hadi Februari ndiyo hali ya hewa yao nzuri. Nina binamu Pune anaendesha. Kwa ratiba za kule, mtu akipanga vizuri anaweza kubana breve mbili au tatu kwenye safari moja, na zinatambuliwa na Audax Club Parisien, klabu ya Ufaransa inayosimamia breve, sawasawa na za Ufaransa. Barabara zina fujo, sikatai, lakini fujo ile si ngeni kwetu. Chakula cha njiani nacho unakijua, chapati na chai ya maziwa.

DadaSpoki (Dar)

Nimekaa kimya nikisubiri mtu ataje upepo, hakuna. Tunapanga kwa kilomita na milima, halafu tunashangaa mtu anarudi amechakaa kutoka njia ya tambarare.

Dar–Mtwara ni kama kilomita 560, lami, malori machache kuliko njia ya Morogoro. Watu hupenda kuanzia Dar kwa sababu ndiko wanakoishi. Sasa mwezi wa saba kusi inavuma. Ukitoka Dar unaila usoni siku mbili nzima, tena maeneo ya wazi baada ya Daraja la Mkapa pale Rufiji hakuna pa kujificha. Panda basi hadi Mtwara, lala, kisha uje Dar upepo ukiwa nyuma ya bega lako. Barabara ni ileile, ila mwili hautaamini.

Siku ya kwanza Mtwara–Lindi–Nangurukuru, kama 260. Ni ngumu kuliko inavyoonekana kwenye ramani, kuna vilima vya kupanda na kushuka ambavyo havina majina ila vinakumaliza. Nangurukuru gesti zipo, sahani ya wali samaki ipo, na fundi wa tairi hukosi. Siku ya pili Nangurukuru–Somanga–Ikwiriri–Kibiti–Dar, kama 300. Toka saa kumi na moja alfajiri. Ukifika Kongowe usijipeleke Mbagala jioni, kata kulia uende Kigamboni uvuke na pantoni. Hiyo foleni ya Rangi Tatu baada ya kilomita 280 mtu hafai kukutana nayo.

Huo ndio mbadala wako wa 600. Hakuna muhuri wala kadi, lakini una siku mbili mfululizo za kujua mwili unasema nini asubuhi ya pili, na umeendesha karibu yote mchana.

Ila usiende Aprili wala Mei. Mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata ile barabara mahali kadhaa, magari yalikwama. Wewe na baiskeli yako mngesubiri vilevile.

Chuma_cha_Segera

Mnamzungusha tu kijana. Dar–Arusha ipo, zaidi ya kilomita 600, lami nzuri, gesti kila mji: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Moshi. Anaishi Arusha, anamaliza nyumbani kwake. Atoke jioni aendeshe usiku kukiwa na baridi, mchana apumzike. Mambo ya upepo ni ya wavuvi.

DadaSpoki (Dar)

Kaka Chuma, wavuvi wa Kilwa wanafika wanakokwenda bila pedeli, waheshimu kidogo.

Usiku hapana. Zamani ulikuwa unaweza kusema baada ya saa sita mabasi yamelala. Tangu Oktoba 2023 yameruhusiwa kutembea saa 24, na dereva wa basi la mkoa anayelipita lori saa tisa usiku haangalii kama pembeni kuna taa nyekundu ya baiskeli. Pembeni penyewe lami imemomonyoka, ukishuka huna pa kupandia. Rasta, yale matuta madogo ya barabarani, nazo gizani huzioni mpaka mikono imekufa ganzi.

MzeeWaGia (Nairobi)

Naunga mkono. Nairobi–Mombasa huku ni hadithi hiyo hiyo. Kilomita 480 hivi za malori ya bandarini. Mimi baiskeli siipeleki hapo hata mchana.

Tanga_Leeds (Uingereza)

Na ukitaka kujifunza usiku, kwa sababu Rwanda au PBP utauhitaji, jifunze kwa dozi ndogo mahali salama. Toka saa tisa usiku kwenye njia unayoijua, mpo watatu au wanne, taa mbili mbele na mbili nyuma, fulana za kuakisi. Saa tatu za giza zinazoishia na mapambazuko zinatosha kukujulisha kama taa yako inafaa na kama usingizi unakuzidi. Usiku mzima ukautafute kwenye tukio lenye vituo.

KivuKwaKivu (Rubavu)

Jamani, mnaongelea Rwanda kama mnaijua kwa ramani. Habari ya kilomita 1000 iwekeni kando. Huku kilomita haipimi kitu. Kuna siku mtu amefanya 120 na amelala chini kama amefanya 300 ya Dodoma.

Ya kwanza, tunaendesha upande wa kulia. Wakenya na Watanzania wanasahau, hasa asubuhi ya kwanza na kwenye mizunguko ya barabara. Kama unatumia kioo kidogo cha mpini, kihamishie kushoto kabla hujafika.

Ya pili, nguo. Mchana kwenye Ziwa Kivu utavua kila kitu, lakini msitu wa Nyungwe barabara inapanda karibu mita 2500, mvua inanyesha inapotaka, na mteremko wake na nguo zilizolowa ni baridi ya kweli. Koti la mvua na glavu za vidole vyote. Watu wa pwani ndio hasa nawaambia.

Ya tatu, gia. Kama gia yako nyepesi kabisa ya nyuma ni meno 32 na mbele 34, hiyo uliyoiita ya mlima si ya mlima wa huku ukiwa na mizigo. Nenda 40 nyuma au zaidi. Breki pia: pedi mpya kabla ya kuanza na pea nyingine mkobani, vumbi lililolowa linazila.

Kuhusu faida: chakula kipo kila kilima, watu wapo kila mahali, polisi wa barabarani wakali kwa magari, na raia wa Afrika Mashariki halipii visa. Kwa mtu anayetoka Arusha ni basi mpaka Kigali kupitia Rusumo. Kwa pesa, hakuna cha Ulaya kinachokaribia.

NjiroPedeli (Arusha)

Mzee wa Gia, shikamoo na asante. Dada Spoki, nimefungua ramani ya upepo nikacheka peke yangu.

Ninavyoona, mbili inaondoka. Si kwamba ni mbaya, ila siku 28 hazigawanyiki mara nne. India naiweka kiporo, nimpigie mtu wa Upanga tukifika Septemba. Lengo libaki Rwanda Februari, na njia ya kufika huko iwe hivi:

Juni: Magadi, kwenda na kurudi siku moja.
Julai mwishoni: Mtwara–Dar siku mbili, kwa kusi.
Septemba: Arusha–Dodoma, kama 425, siku mbili, kulala Babati au Kondoa kutegemea miguu. Tangu lami ya Babati–Dodoma ikamilike 2018 ile njia imekuwa tulivu kuliko ya Dar, na vilima vya Bereko vitanisaidia.
Oktoba–Novemba: vuli, kwa hiyo safari fupi za alfajiri, gia mpya, taa.
Desemba: siku tatu za vumbi na milima Usambara, Lushoto hadi Mtae na kurudi, nikiwa na mzigo uleule wa Rwanda.
Januari: kupunguza mazoezi.

Nilitaka kuweka Morogoro–Iringa pia kwa ajili ya mlima Kitonga. Vipi zile kilomita 50 za ndani ya Mikumi?

Chuma_cha_Segera

Zile hapana hata mimi. Simba hana habari na msimu wako. Weka baiskeli juu ya lori kabla ya hifadhi, ushukie Mikumi mjini.

KivuKwaKivu (Rubavu)

Desemba ongeza siku ya nne. Usambara siku tatu ni nzuri, ila siku ya nne ndiyo inayofanana na Rwanda.

NjiroPedeli (Arusha)

Siku ya nne nitaiomba nyumbani, siahidi. Swali la mwisho la Mtwara: basi la kwenda linabeba baiskeli nzima au nifungue magurudumu? Kuna kondakta aliwahi kunitoza nauli ya mtu mzima.

DadaSpoki (Dar)

Fungua gurudumu la mbele, geuza mpini, funga kwa shuka la zamani, upande wa gia uwe juu. Fika stendi saa moja kabla, ongea na mpakia mizigo kabla hujaongea na kondakta, na bei mkubaliane baiskeli ikiwa bado mkononi mwako.