Ndugu kakamatwa Houston: nimtafute wapi? Tovuti ya sherifu, ya mahakama, au hizi za kulipia?

MtotoWaPongwe (Dallas)
Wakuu, habari za usiku. Binamu yangu kakamatwa jana usiku Houston, upande wa kusini-magharibi. Anayekaa naye chumba kimoja kaniambia gari lilisimamishwa na polisi, wakamchukua, basi. Simu haipatikani. Nimeandika jina lake Google zikaja tovuti rundo. Moja inazungusha kimshale dakika nzima, "tunafungua rekodi nyeti", halafu mwisho inaomba namba ya kadi. Nyingine imeniletea picha za watu wasiohusika kabisa. Naomba mnilinganishie: tovuti ya sherifu, ya mahakama, hizi za kulipia, au nipige simu tu? Ipi inawahi, na ipi ya kuaminika? Mama yake yuko Tanga, kila nusu saa ananipigia.

KaraniHTX
Pole mkuu. Hizo za kulipia zifunge kwanza, tutazirudia baadaye. Mimi nafanya kazi ofisi ya mawakili hapa Houston (si wakili, msaidizi tu) na kutafuta watu jela ni kazi yangu ya kila asubuhi.

Kabla ya kuuliza tovuti gani, jiulize kaunti gani. Marekani haina daftari moja la nchi nzima la waliokamatwa ambalo mwananchi anaweza kulifungua. Kwa kawaida jela za mahabusu ziko chini ya kaunti, na kila kaunti ina orodha yake. Sasa mji wa Houston umeingia kaunti tatu: sehemu kubwa Harris, kipande Fort Bend, kipande Montgomery. Na huko kusini-magharibi ndiko mpaka wa Harris na Fort Bend unakopita. Mtu anaweza kuwa analala Harris, akakamatwa akitokea Missouri City, akapelekwa jela ya Fort Bend kule Richmond. Wewe unamtafuta Harris, unaambiwa hakuna rekodi, unaanza kupiga simu hospitali.

Kwa hiyo muulize huyo mwenzake wa chumba barabara gani, na gari la polisi liliandikwa nini ubavuni. Hilo la pili watu hulisahau, na linaokoa muda kuliko yote.

Tovuti ya sherifu, yule mkuu wa polisi na jela ya kaunti, ni bure. Harris unatafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, au kwa namba ya SPN, ambayo mtu akishapewa inabaki yake hata akikamatwa tena miaka mingi baadaye. Ukiipata iandike, mahakama za Harris zinaitumia hiyo hiyo. Ila jina halitokei papo hapo. Kuna picha, alama za vidole, maswali ya afya, na miji midogo mingi ina seli zake ambako mtu hukaa kwanza kabla hajahamishiwa kaunti. Usiku wa Ijumaa ndio mbaya zaidi. Sheria ya Texas inataka afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48, asomewe tuhuma, aelezwe haki zake na dhamana ipangwe. Mara nyingi kiasi cha dhamana kwenye ukurasa hujazwa baada ya hapo.

Mkenya_Katy
Naongezea kuhusu majina, maana hapo ndipo sisi huumia. Afisa wa jela anaandika anachokiona kwenye kitambulisho, na kama hana kitambulisho anaandika anachosikia. Abdalla, Abdallah, Abdullah, hao ni watu watatu kwa kompyuta. Jina la babu linageuka la ukoo, la ukoo linageuka la katikati. Jaribu herufi tatu nne za mwanzo za jina la ukoo peke yake kama tovuti inaruhusu, halafu geuza, weka la kwanza mahali pa la mwisho.

Na tarehe ya kuzaliwa: wakimbizi wengi makaratasi yao yanasema Januari 1, kwa sababu siku halisi haikujulikana walipoandikishwa kambini. Sasa jina la kawaida, Januari 1, mwaka uleule, unaweza kupata mtu mwingine kabisa na ukamlipia dhamana mtoto wa watu. Angalia urefu, uzito, picha kama ipo.

MamaBukavu (Louisville)
Ndugu yangu, pole sana. Huku Kentucky sisi tunatumia VINE, bure kabisa. Unamtafuta mtu, unaacha namba yako, akihamishwa ao akiachiliwa wanakupigia simu wenyewe, hata usiku. Ilianzia hapa hapa Louisville, 1994. Mwaka mmoja mbele yake, dada mmoja, Mary Byron, aliuawa na mwanaume aliyekuwa mchumba wake. Yule alikuwa ameachiliwa jela na hakuna mtu aliyemwambia. Wazazi wake ndio walisukuma jambo hili. Lilianza kwa kulinda wenye kutendewa mabaya, lakini na familia ya mfungwa inaweza kujiandikisha. Mimi naona inashinda kukaa mbele ya kompyuta.

KaraniHTX
Kweli Mama, na ni nzuri sana kwenye majimbo yanayoitumia. Texas siku hizi taarifa za namna hiyo zinapitia mfumo wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, si VINE. Huwa nawaambia watu waitumie baada ya kumpata mtu, si kumtafutia.

Bonge_la_Ubungo
Mimi nitawatetea kidogo hao wa kulipia. Nalipa kwa mwezi, na faida yake ni kwamba unatafuta majimbo yote kwa mpigo. Dereva wa malori kama mimi, ndugu yako anaweza kukamatwa Arkansas au Oklahoma hujui hata kaunti. Sherifu gani utaanza naye?

KaraniHTX
Hoja yako ina uzito, Bonge, na ni hiyo moja tu. Kama hujui hata jimbo, watakupa pa kuanzia. Lakini wao wanachota rekodi za kaunti, wanaziweka ghalani, wanakuuzia. Mtu aliyekamatwa jana usiku ndiye hasa wasiyekuwa naye bado. Watakuonyesha alichofanya 2016 na anwani tatu za zamani. Na kwenye maandishi madogo chini wanasema usitumie taarifa zao kuamua ajira wala nyumba, kwa sababu sheria ya shirikisho ya 1970 inawabana wanaouza ripoti za aina hiyo, wao wanajitoa kwa kusema si wauzaji wa ripoti hizo.

Lori likisimamishwa, tazama simu yake ya mwisho ilikuwa wapi, tafuta barabara kuu ile inakata kaunti gani, piga simu jela za kaunti mbili tatu zilizo karibu. Ni kazi, ndiyo. Lakini karani wa zamu anayepokea simu anamwona mtu ambaye bado hajapanda kwenye tovuti.

MtotoWaPongwe
Wakuu, nimempata. Ni Fort Bend kweli! Jina lao la ukoo limeandikwa bila H. Tuhuma ni kuendesha gari na leseni iliyosimamishwa, dhamana dola 500. Nikajua nalipa tu yaishe. Lakini chini ya hiyo tuhuma kuna mstari mwingine, pa kiasi cha dhamana pako wazi, umeandikwa ICE. Hii maana yake nini? Kuna jamaa wa bondi, wale wanaomdhamini mtu kwa ada, kanipigia tayari, anasema nitume sasa hivi anitolee.

KaraniHTX
Mkuu, usitume kitu. Kaa chini usome hili.

Huo mstari ni ombi la idara ya uhamiaji, ndiyo ICE, kwa jela: siku huyu anatakiwa kuachiwa, mshikilieni hadi saa 48 zaidi tuje kumchukua. Hauna kiasi kwa sababu si dhamana ya jela hiyo. Ukilipa zile 500 leo, kwa upande wa leseni ameachiwa, na zile saa zinaanza kuhesabika. Hatoki mlangoni, anapanda gari la ICE. Anaweza kupelekwa kizuizini Conroe, kaskazini mwa Houston, anaweza kupelekwa mbali zaidi, na kesi ya leseni inabaki inamsubiri huku yeye hayupo kuhudhuria. Wakati mwingine kulipa ni sawa, wakati mwingine ni kumsukuma. Anayejua ni wakili wa uhamiaji akiongea na wakili wa jinai, kabla pesa haijatoka.

Na jamaa wa bondi: ada yake kwa kawaida ni kama asilimia 10, na hairudi hata kesi ikifutwa. Ukilipa kaunti yenyewe taslimu pesa yote, akihudhuria mahakamani hadi mwisho, inarudi ikikatwa ada ndogo. Kwa dola 500 sioni kwa nini umtafutie mtu wa kati.

MamaBukavu
Huku Kentucky hao wa bondi wa biashara walikatazwa tangu 1976. Unalipa mahakama.

Mkenya_Katy
Na uwe macho, MtotoWaPongwe. Huyo aliyekupigia, ulimpa namba wewe? Orodha za jela ziko wazi kwa kila mtu, hata kwa matapeli. Wanasoma jina na tuhuma asubuhi, wanatafuta jamaa zake Facebook, wanapiga simu wakijiita afisa wa jela, wanataka kadi za zawadi au Cash App. Jela haidai kadi za zawadi.

MtotoWaPongwe
Kweli sikumpa namba. Nimemkatia. Sasa akihamishwa na ICE, nitamwona wapi? Kwenye tovuti ya sherifu atabaki?

KaraniHTX
Atatoka kwenye orodha ya sherifu, kwa sababu ile inaonyesha walio ndani tu. ICE wana tovuti yao ya kutafuta, bure. Njia ya uhakika ni namba yake ya A, iliyo kwenye makaratasi yake ya uhamiaji. Lazima iwe tarakimu tisa. Kama yake ni nane, anza na sifuri. Utachagua pia nchi aliyozaliwa. Kwa jina inawezekana, lakini hapo jina lazima lilingane herufi kwa herufi, hakuna kubahatisha kama kwa sherifu. Inaonyesha waliopo na walioachiwa ndani ya siku 60, na walio chini ya miaka 18 hawamo.

Jaribu na majina yenye makosa pia. Kama Fort Bend wamelikosea, ICE wanaweza kuwa wamelikopi kosa.

MamaBukavu
Kwa nchi mwangalie sana. Watoto wetu wengi walizaliwa kambini Nyarugusu, kwa hiyo nchi ya kuzaliwa ni Tanzania hata kama wao ni Wakongo. Na Kongo ni mbili. Jaribuni zote.

Bonge_la_Ubungo
Na ile ya wafungwa wa shirikisho, BOP?

KaraniHTX
Ile ni ya waliomo kwenye magereza ya shirikisho, tangu 1982 hadi leo. Kwa aliyekamatwa jana mara nyingi haisaidii. Hata aliyekamatwa na FBI, kabla ya hukumu yuko mikononi mwa Marshals, askari wa mahakama za shirikisho, na mara nyingi wanampangishia nafasi jela ya kaunti, kwa hiyo unarudi kulekule kwa sherifu. Kesi yenyewe ya shirikisho utaiona PACER, tovuti ya mahakama za shirikisho, senti 10 kwa ukurasa, waraka mmoja haupiti dola 3, na ukitumia dola 30 au pungufu kwa robo mwaka hawakudai.

Mkuu, jambo jingine: binamu yako ana pasi ya Tanzania? Kwa mkataba wa Vienna wa 1963 mgeni akikamatwa ana haki ubalozi wake ujulishwe. Kwa nchi kadhaa Marekani inalazimika kuujulisha hata asipoomba, na Tanzania imo kwenye orodha hiyo. Kenya haimo, Mkenya ni mpaka aombe mwenyewe. Usisubiri jela wafanye, piga simu ubalozini Washington kesho asubuhi. Na akikupigia kutoka ndani, msiongelee kesi wala alivyoingia nchini. Simu zinarekodiwa. Muulize kala nini, mpe salamu za mama yake, kata.

MtotoWaPongwe
Ana pasi ya Tanzania. Asante sana, ndugu zangu. Wakili wa uhamiaji tunaonana naye saa tatu asubuhi. Mama nimemwambia yuko salama, mengine nitamwambia nikishayajua.

Sheti_wa_Columbus
Samahani kuingilia, naona mmefika mbali bila kugusa tovuti ya mahakama. Mimi nilikamatwa 2019, kesi ikafutwa. Kwa sherifu sipo tena, kwa karani wa mahakama panaonekana wazi imefutwa. Lakini kuna tovuti moja ya picha, nisiitaje, bado sura yangu ipo na tuhuma chini yake, bila neno la kwamba ilifutwa. Kila nikiomba kazi naogopa.

KaraniHTX
Umesema jambo ambalo ndilo tofauti kubwa ya hizi tovuti. Ya sherifu inasema polisi wamemshika kwa tuhuma gani. Ya mahakama inasema mwendesha mashtaka aliandika nini hasa, na mwisho ulikuwaje. Mara nyingi tuhuma ya usiku ule na shtaka la mahakamani ni vitu viwili. Ukitaka ukweli wa kesi ya mtu, soma ya karani wa mahakama. Na hao wa picha wanakwangua ya sherifu tu, hawarudi kuangalia.

Wanaodai pesa ili watoe picha wamebanwa na majimbo kadhaa: Georgia na Texas tangu 2013, Florida tangu 2018. Utah tangu 2021 picha ya jela haitolewi hadharani hadi mtu atiwe hatiani. Kwa hiyo usiwalipe. Ukilipa mmoja, inaibuka kwa mwingine.

Kwa kazi: kampuni inayomchunguza mwombaji kwa niaba ya mwajiri hairuhusiwi kuripoti kukamatwa kusikoishia hatiani baada ya miaka 7, isipokuwa kazi ya mshahara wa dola 75,000 na kuendelea. Na lazima upewe nakala kabla hawajakunyima. Ukiona kosa, pinga kwa maandishi.

Nenda kwa karani Columbus, uombe nakala yenye muhuri ya uamuzi wa kufutwa, halafu muulize wakili kuhusu kufunga rekodi, yaani isionekane tena na umma. Ohio kesi iliyofutwa inaweza kufungwa kwa amri ya mahakama. Amri ikitoka, nakala itumie Google na hiyo tovuti. Lakini kama bado hujawa raia, usitupe karatasi hata moja. Fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, pamoja na kesi zilizofutwa na zilizofungwa, na hapo utatakiwa kuonyesha hiyo hiyo nakala yenye muhuri.

Sheti_wa_Columbus
Nilikuwa nimeshaandika "hapana" kwenye rasimu ya fomu. Bado sijaituma.

KaraniHTX
Basi usiitume. Badilisha, ambatanisha nakala, na wakili aisome kwanza.