Naomba ushauri: raki ya gita kwa lupu na sauti za sintesaiza, napiga peke yangu

Mcharaza_Paje:
Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Napiga gita peke yangu kwenye hoteli za Paje na Nungwi. Zamani tulikuwa watatu, siku hizi hoteli inalipa mtu mmoja, kwa hiyo gita hilohilo ndilo besi, ndilo ridhimu, na wazee wakiomba taarabu linageuka fidla.

Vyombo: gita lenye pikapu ya GK-3 (inasoma kila waya peke yake), Roland GR-55 (sintesaiza ya gita), Boss RC-300 ya lupu (inarekodi kipande na kukirudiarudia), ovadraivu (ya kukwaruza sauti), dilei (ya mwangwi) na mixa ndogo ya raki (fremu ya kufungia vyombo). Kwa sasa GR-55 inaingia RC-300, halafu ovadraivu, dilei, mixa.

Nikikanyaga ovadraivu nipige solo, besi niliyorekodi dakika moja nyuma nayo inaanza kukwaruza. Halafu besi ya sintesaiza inachelewa. Nikigusa waya wa sita ni kama kuna mtu nyuma yangu ananiigiza. Na Ijumaa umeme ulikatika, jenereta lilipowaka lupu zote zimefutika, watalii wananitazama.

Nataka kufunga upya kila kitu. Nianzie wapi?

Jeki_Mbovu:
Ajiri mpiga besi, mkuu.

Mcharaza_Paje:
@Jeki_Mbovu sahani ya chakula wanayotoa ni moja.

FundiNyaya_Tanga:
Mkuu, raki haina kosa, kosa ni foleni. Ovadraivu imekaa baada ya lupu, kwa hiyo inachafua kila kinachotoka humo, cha sasa na cha zamani.

GR-55 ina tundu la GUITAR OUT. Toa gita la kawaida hapo, lipite ovadraivu na dilei, liingie chaneli ya kwanza ya mixa. Sintesaiza itoke OUTPUT kwenda chaneli zake (kwenye pachi, yaani mpangilio wa sauti ndani ya GR-55, uzime gita la kawaida lisitoke mara mbili). RC-300 uilishe kwa AUX ya mixa (njia ya pembeni inayotoa sauti ya chaneli unazochagua), irudi kwenye chaneli yake yenyewe. Unachotaka kirekodiwe unafungua AUX yake, usichotaka unafunga. Ovadraivu haitaigusa tena besi yako.

Angalizo moja: AUX ya hiyo chaneli ya lupu iwe sifuri kabisa. Mimi niliisahau harusini, sauti ikawa inajizungusha yenyewe, mlio uliotoka bibi harusi aliziba masikio.

Kisauni_Blues:
Hilo la kuchelewa usiilaumu mashine sana, ndugu yangu. Waya wa sita ukiwa wazi unatetemeka kama mara 82 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja tu unakula milisekunde 12, na mashine lazima iuone mzunguko ndipo ijue noti gani. Waya wa kwanza unatetemeka kama mara 330, mzunguko ni milisekunde 3.

Kwa hiyo besi usiipige kwenye waya mnene. Ipige wa nne na wa tatu, halafu kwenye pachi uishushe oktavu moja. Mkono utaona ajabu wiki ya kwanza. Tena pima pikapu: bonyeza freti ya mwisho, kati ya waya na GK-3 ibaki kama milimita moja. Ikiwa mbali mashine inabahatisha noti.

Mzee_wa_Mtumba:
Kuhusu umeme, tafuta UPS ndogo ya kompyuta (betri ya akiba umeme ukikatika), uchomeke GR-55, RC-300 na mixa. Spika acha nje, zitaimaliza betri. Na lupu unazozitumia kila siku zihifadhi kwenye kumbukumbu ya RC-300 kabla hujapanda jukwaani.

Ukinunua chombo cha raki cha mtumba kutoka Japani, soma kibandiko cha nyuma kwanza. Kwao ni volti 100. Mimi nilichomeka ukutani kwenye 230 moja kwa moja. Harufu ile ilikaa chumbani siku mbili.

Mcharaza_Paje:
Mrejesho wakuu. Jana nimefunga kwa mpango wa AUX, solo inakwaruza peke yake, besi imetulia safi. Waya wa nne umenitoa jasho, nimekosea kibwagizo mara mbili, ila yule mtu wa nyuma hayupo tena. UPS nimeahidiwa Jumamosi Darajani.

Sasa kuna mngurumo mdogo nikichomeka kwenye mixa ya hoteli, nikiwa na mixa yangu tu haupo.

FundiNyaya_Tanga:
Hiyo ni ardhi mbili za umeme zinagombana. Weka DI boksi (kiboksi cha kuunganishia waya za sauti) yenye swichi ya kukata ardhi kati ya mixa zenu. Pini ya ardhi ya plagi usiing'oe hata fundi wa hoteli akikushauri.