Hedifoni zinasikika, maiki kimya

mwalimu_kisauni: Asalaam aleikum. Nina kompyuta ya mezani, mtumba. Hedifoni zangu zina maiki na pini moja tu. Nikichomeka tundu la kijani nasikia vizuri, lakini nikifundisha jioni wanafunzi wananiandikia, "Mwalimu, hatukusikii!" Ninunue nyingine?

fundi_likoni: Waleikum salaam. Pesa weka mfukoni kwanza. Tazama pini: ina pete nyeusi ngapi? Zikiwa tatu, hiyo ni ya simu, sauti na maiki zimo pamoja. Kompyuta nyingi za mezani huzitenga: kijani ni sauti, waridi ni maiki. Tafuta kile kiwaya cha kugawa, upande mmoja tundu, upande wa pili pini mbili. Zikiwa pete mbili, hiyo pini inabeba sauti tu.

mama_saiba: Na hewa yetu ya chumvi musiisahau. Saiba yangu iko karibu na feri, matundu hushika kutu upesi. Zima, chomoa umeme, sugua kwa kijiti cha pamba na spiriti kidogo, acha ikauke kabisa. Matundu ya mbele yakigoma yote, fungua kasha: waya wake, ulioandikwa HD AUDIO, huenda haujachomekwa kwenye bodi kuu ya kompyuta. Wauza mtumba hao!

mwalimu_kisauni: Pete tatu. Kiwaya nimepata, sasa wananisikia, ila kwa mbali.

fundi_likoni: Mipangilio ya sauti, upande wa maiki, pandisha kiwango. Usifike mwisho, itakoroma.

mwalimu_kisauni: Shukran, fundi. Mama, kasha nalifungua Jumamosi.