Je, dawa za kupunguza lehemu zinazuia kongosho isivimbe tena?

Mkazi wa Kihonda:
Ndugu wanajamvi, naomba msaada wa mawazo. Nina umri wa miaka 47, na katika muda wa miezi 14 nimelazwa mara mbili kwa sababu ya kuvimba kwa kongosho. Waliowahi kupatwa na maumivu yale wanayajua: yanaanzia kwenye chembe cha moyo, yanapenya hadi mgongoni, na mtu hapati nafuu mpaka ainame mbele akikumbatia mto. Mara zote mbili nilikaa siku kadhaa kwa dripu bila kutia kitu kinywani. Sinywi pombe wala sivuti sigara. Shinikizo la damu ninalo, nami nameza amlodipini miligramu 10 kila siku.

Nilipolazwa mara ya pili nilipimwa mafuta ya damu. Lehemu, yaani kolesteroli, ilikuwa 6.4, na trigliseridi 2.1. Nikaandikiwa atorvastatini miligramu 20 kila usiku. Foleni ilikuwa ndefu na nilitoka chumbani bila kuuliza dawa hiyo ni ya nini hasa. Mke wangu anaamini kwamba ndiyo kinga ya kongosho, ilhali shemeji yangu amesoma mahali kwamba dawa za jamii hiyo huweza zenyewe kuivimbisha, na ananihimiza niache. Nimsikilize nani?

Tabibu wa Wilayani:
Pole sana, ndugu. Shemeji yako hakubuni jambo, kwani zipo taarifa za wagonjwa mmoja mmoja waliovimba kongosho baada ya kuanza statini (jamii ya dawa za kupunguza lehemu, ambayo atorvastatini yako ni mojawapo), lakini taarifa za namna hiyo hazikuonyeshi ni wangapi waliomeza wasipatwe na lolote. Mwaka 2012 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 16 yenye jumla ya watu 113,800, ambao baadhi yao walipewa statini na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa au matibabu ya kawaida. Kwa wastani wa miaka minne hivi ya kuwafuatilia, waliovimba kongosho walikuwa 134 upande wa statini na 175 upande wa pili. Hofu ya shemeji, kwa hesabu hiyo, haitoshi kukufanya uache dawa.

Hata hivyo, mkeo naye asishangilie mapema. Watu wale waliingizwa katika majaribio hayo kwa ajili ya maradhi ya moyo. Hawakuchaguliwa kwa sababu kongosho zao zilikuwa zimevimba, na tofauti ya watu 41 ndani ya kundi kubwa kiasi hicho ni ndogo mno kwa mtu mmoja. Huenda nafuu ile ilitokana na statini kupunguza lehemu ndani ya nyongo, mawe ya nyongo yakawa machache. Kwa wagonjwa wa kurudiarudia kama wewe, madaktari wa Hispania waliandaa jaribio lao la kulinganisha simvastatini miligramu 40 na kidonge kitupu, wakaliita SIMBA (halina uhusiano wowote na klabu ya Msimbazi). Miongozo ya tiba ya kongosho haijaiweka statini kuwa dawa ya kuzuia ugonjwa usirudi. Ukiwa na lehemu ya 6.4 pamoja na shinikizo la damu, nadhani daktari wako alikuwa anaulinda moyo na mishipa yako, na hiyo ni sababu halali kabisa.

Ningekuwa mimi, ningeanza na swali jingine: kwa nini kongosho yako inavimba? Visababishi vikubwa ni mawe ya nyongo na pombe, kisha trigliseridi zilizopanda mno, kalsiamu nyingi katika damu na baadhi ya dawa. Lehemu ya 6.4 peke yake haivimbishi kongosho. Trigliseridi huanza kutiliwa shaka zinapokaribia au kupita 11, kwa hiyo 2.1 iko mbali, isipokuwa nina wasiwasi mmoja: zilipimwa siku gani? Mgonjwa akikaa siku mbili tatu kwa dripu bila kula, trigliseridi hushuka upesi na kipimo kikadanganya. Pia tafuta karatasi ya altrasaundi ya mara ya kwanza, uisome hadi mstari wa mwisho.

Mama Nasra, Tanga:
Kaka yangu, hilo la siku ya kupima lizingatie. Mimi nilipimwa usiku uleule niliofikishwa hospitali, na trigliseridi zikasoma 21. Mtaalamu wa maabara alimwita mwanangu akamwonyesha kichupa cha damu yangu: ilipotulia, juu palitanda kitu cheupe kama tui zito la nazi. Sukari yangu ilikuwa imepanda bila mimi kujua. Niliwekwa kwenye insulini, baadaye nikaandikiwa fenofibrati, ambayo kazi yake kubwa ni kushusha trigliseridi, na nikaambiwa nihakikishe hazipiti 5.6. Za mwezi uliopita zilikuwa 3.8. Dawa imesaidia, lakini ukweli ni kwamba kilichonitesa zaidi ni kuviaga vitumbua na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu. Tatizo langu, hata hivyo, huenda si lako, kwa hiyo usikimbilie dawa yangu.

Mfamasia wa Zamu:
Naunga mkono sentensi ya mwisho ya Mama Nasra. Fibrati, yaani dawa kama fenofibrati yake, ni jamii nyingine kabisa, na katika uchambuzi uleule wa 2012 hazikuonyesha kupunguza kuvimba kwa kongosho kwa watu wa kawaida. Baadhi yake hata huongeza lehemu ndani ya nyongo. Jemfibrozili, ambayo nayo ni fibrati, ikichanganywa na statini huweza kuharibu misuli vibaya. Statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu ya vifo vya namna hiyo.

Kwa anayemeza amlodipini kama wewe, simvastatini haitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa siku, kwa hiyo asije mtu akasoma habari za SIMBA akajinunulia ya 40 dirishani. Atorvastatini yako haina kikomo hicho. Wenye kutumia dawa za kufubaza VVU zenye ritonaviri wasiiguse simvastatini kabisa. Ukiona misuli inauma bila kazi nzito, au mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mkazi wa Kihonda:
Nawashukuru sana. Nimefukua bahasha nzima. Mafuta ya damu yalipimwa siku ya nne ya dripu, kumbe. Na altrasaundi ya kwanza ina mstari wa mwisho ulioandikwa kwa kalamu, ambao mfamasia wa hapa mtaani amenisomea: kwenye kifuko cha nyongo kulikuwa na matope. Hakuna aliyenitajia neno hilo. Ina maana gani?

Tabibu wa Wilayani:
Matope ya nyongo ni chembechembe za lehemu na kalsiamu ambazo hazijawa mawe, nazo huweza kuziba mfereji unaotumiwa na nyongo na kongosho kwa pamoja. Wakati mwingine huja kwa sababu ya kufunga kula na kutoweka zenyewe, ndiyo maana altrasaundi irudiwe sasa ukiwa mzima. Yakionekana tena, zungumza na daktari wa upasuaji kuhusu kuondoa kifuko. Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, wagonjwa wenye kongosho iliyovimba kidogo kwa sababu ya nyongo waliofanyiwa upasuaji kabla ya kuruhusiwa walikuwa 128, na 6 kati yao walipata matatizo ya nyongo au kufariki. Kati ya 136 waliosubiri wiki kadhaa, walikuwa 23. Hakuna statini iliyowahi kuonyesha pengo la aina hiyo. Rudia na trigliseridi, ukiwa umekula kawaida kwa wiki kadhaa na kufunga usiku mmoja tu. Atorvastatini endelea nayo kama ulivyoandikiwa, na bahasha hiyo uende nayo nzima.